Kuifuata alizeti ya Pecos: kutoka Dallas hadi Santa Rosa

Mimi ni mtu wa Singida. Mtu wa Singida ukimwambia kuna alizeti inayoota kwenye kinamasi cha maji ya chumvi, tena katikati ya jangwa, atakuuliza kama umelala vizuri. Alizeti yetu ukiituamishia maji mizizi inaoza, na ukiipanda kando ya Ziwa Singidani kwenye ule udongo wa chumvi utavuna huzuni. Lakini ipo. Wataalamu wanaiita Helianthus paradoxus, watu wa kawaida wanaiita alizeti ya Pecos, kwa jina la mto. Inaota porini kwenye maeneo machache tu ya New Mexico na Texas magharibi, nchi ambayo mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 300, na tangu mwaka 1999 serikali ya Marekani imeiweka kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini.

Inachanua Septemba na Oktoba. Nilikuwa na likizo ya siku chache mwishoni mwa Septemba, na shemeji yangu, ambaye kazi yake ni kuendesha malori makubwa, alikuwa nyumbani Dallas. Nilidhani atakataa kushika usukani siku zake za mapumziko. Akasema, "Shemeji, kuendesha bila mzigo ni starehe." Haya niyaandikayo nimeyatoa kwenye daftari, kwenye picha za simu na kwenye risiti ambazo yeye huwa hatupi hata moja.

Ijumaa: Dallas – Abilene – Fort Stockton

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni ya Fort Worth. Ni barabara kuu ya I-20 kuelekea magharibi, na saa mbili za kwanza hazina la kusimulia.

Abilene tulisimama kujaza mafuta. Tulikuwa tunabishana kwa Kiswahili kuhusu chai tuliyoisahau kwenye chupa nyumbani, mara mzee mmoja aliyekuwa akijaza mafuta pampu ya jirani akageuka: "Munatoka wapi, ba ndugu?" Mkongomani wa Kivu. Abilene imepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, kwa hiyo Kiswahili pale si kitu cha ajabu, ila sisi hatukukitegemea kwenye kituo cha mafuta. Tulipomwambia tunakwenda kuangalia maua alicheka mpaka akashika gari lake. Kisha akaingia garini, akatoa chupa ya chai ya tangawizi, akatumiminia kwenye vikombe vyetu mpaka ikabaki robo. Alikuwa anatoka zamu ya usiku. Hakutaka hata kusikia habari ya kulipwa.

Kutoka Monahans tuliiacha I-20 na kushika barabara ya 18 kwenda kusini. Hapa ndipo nchi inapobadilika: vichaka vya miiba, udongo mweupe, pampu za mafuta ya petroli zinazoinama na kuinuka, na miali ya gesi inayowaka mchana kweupe. Kilomita chache kabla ya Fort Stockton, mahali ambapo ungeapa hapana tone la maji, kuna bonde la chemchemi ya Diamond Y. Shirika la The Nature Conservancy lililinunua mwaka 1990. Humo ndimo alizeti ya Pecos imejaa kuliko mahali pengine popote Texas, na kuna samaki wadogo ambao hawapatikani pengine duniani. Haliko wazi kwa wapita njia. Tulipunguza mwendo, tukaona ukanda wa kijani mbali sana, shemeji akasema, "Hayo ndiyo maua yenyewe?" Nikamwambia avute subira.

Moteli Fort Stockton dola 84 kwa vitanda viwili. Mji umejaa wafanyakazi wa visima vya mafuta, kwa hiyo ukienda bila kuweka nafasi unaweza kutajiwa bei mara mbili ya hiyo.

Jumamosi: Fort Stockton – Balmorhea – Carlsbad

Asubuhi tulikwenda kwenye bustani ya mji kuona Comanche Springs. Nasema kuona, lakini tulichokiona ni kuta za mawe, njia za maji zilizokauka na bwawa la kuogelea lililojengwa juu ya mahali maji yalipokuwa yanatoka. Alizeti ya Pecos iliandikwa rasmi na Charles Heiser mwaka 1958 kutokana na mimea ya pande hizi hizi za Fort Stockton. Miaka hiyohiyo chemchemi ilikuwa inakata roho. Wakulima wakubwa magharibi mwa mji walichimba visima virefu, wakafunga pampu, na maji yaliyokuwa yakimwagilia mashamba ya wenzao chini ya chemchemi yakaanza kupungua. Wenzao wakaenda mahakamani. Mwaka 1954 mahakama ikaamua kwamba Texas maji ya chini ya ardhi ni ya mwenye ardhi anayeyavuta, hata kama kwa kuyavuta anamkausha jirani. Kufika mwaka 1961 chemchemi ilikuwa imenyamaza.

Siku hizi kuna majira ya baridi ambapo pampu zikipumzika maji hujitokeza kidogo, kisha msimu wa kilimo ukianza yanarudi chini. Mfanyakazi wa bustani aliyekuwa akifagia majani alitueleza hivyo huku akituonyesha kwa fagio alama ya maji kwenye mawe. Nilimuuliza kama anaijua alizeti. Akasema bibi yake alikuwa akisimulia njano iliyofuata mifereji mpaka nje ya mji. Mimi nimetoka mahali ambapo watu hugombania malambo, na bado sikumbuki kusikia hukumu iliyo kavu namna ile.

Balmorhea ni kama saa moja kwa I-10, kasi inayoruhusiwa ni maili 80 kwa saa, na shemeji aliitumia yote. Bwawa la San Solomon lilijengwa na vijana wa mradi wa ajira wa serikali miaka ya 1930, ukingo wake wa mawe umeizunguka chemchemi yenyewe, na maji yana joto la kama nyuzi 23 mwaka mzima. Kiingilio dola 7 kwa mtu mzima. Weka nafasi mtandaoni kabla ya kwenda, maana siku za wikendi wakishafikisha idadi yao wanafunga geti na hakuna kubembeleza. Pembeni ya bwawa wamerudisha kipande cha kinamasi cha asili, na tulisimama pale muda mrefu tukiangalia samaki na kobe. Alizeti ya Pecos inaota kwenye chemchemi nyingine ya jirani, ardhi ya hifadhi binafsi, nayo haina ruhusa ya kuingia ovyo. Kwa hiyo Texas tulimaliza bila kulishika hata jani lake. Nilikuwa nimeshajua hivyo kabla ya kuondoka. Shemeji hakuwa amejua, na alinikumbusha jambo hilo mara nyingi.

Barabara ya 285 kutoka Pecos kwenda Carlsbad inahitaji maneno yake. Ni barabara ya malori ya mafuta, maji na mchanga, usiku na mchana. Mimi nisingeiendesha peke yangu. Karibu na Orla tairi la nyuma lilipasuliwa na kipande cha chuma, jua likiwa linazama, malori yakipita na gari letu likitikisika kila moja linapopita. Hatukumaliza hata dakika kumi, pikapu ikasimama nyuma yetu na taa zake za dharura zikiwaka. Kijana wa visimani, kofia ya plastiki kichwani, Kiingereza chake kidogo kuliko changu cha mwaka wa kwanza. Akaweka gari lake kati yetu na barabara, akatoa jeki nzito kuliko yetu, na wakati yeye na shemeji wanafungua nati mimi kazi yangu ilikuwa kumulika. Alipomaliza alitupa burito mbili za maharage na yai zilizofungwa kwenye karatasi ya bati, bado za moto. Shemeji alijaribu kumpa dola 20. Alizikunja, akazirudisha kwenye mfuko wa shati la shemeji, akaupigapiga ule mfuko, akaondoka.

Kwa tairi lile jembamba la akiba tulijikokota mpaka Carlsbad kwa mwendo wa maili 50. Kwa wanaopanga njia hii: pitia 285 asubuhi ya Jumapili kama unaweza, kagua tairi la akiba kabla ya kutoka nyumbani, na jaza mafuta Pecos.

Jumapili: Carlsbad – Roswell – Bitter Lake

New Mexico saa inarudi nyuma kwa saa moja, na ile saa tuliyoipata tuliitumia yote kutafuta fundi wa matairi Jumapili. Tulimpata kwa kuuliza kwenye duka la tortila: baba na binti yake, banda la bati, matairi yaliyotumika yamepangwa mpaka darini. Dola 45 pamoja na kufunga. Binti alitukagulia na upepo wa matairi mengine matatu bila kuombwa.

Roswell ni mji unaoishi kwa habari za viumbe wa angani wa mwaka 1947. Hata taa za barabarani zina macho. Tulipiga picha moja, tukaenda zetu kwenye hifadhi ya Bitter Lake, kaskazini mashariki mwa mji. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya ndege. Ofisi ya wageni tuliikuta imefungwa, ila barabara ya changarawe inayozunguka madimbwi iko wazi kila siku, na hatukulipa kitu.

Na hapo, baada ya kona, tukaziona. Upande mmoja wa gari vilima vyekundu vilivyokauka kabisa, upande wa pili maji, matete, na alizeti zimesimama kwenye tope, nyingine zimenipita urefu. Vichwa vyake ni vidogo ukilinganisha na vya shambani, vingi havizidi upana wa sentimita saba, lakini mmea mmoja una matawi mengi na kila tawi lina ua.

Sasa jihadhari, maana barabarani kote kuna alizeti mwitu ya kawaida, Helianthus annuus, ndiyo babu wa zile tunazolima, na msimu huu nayo bado ina maua. Aliyetufundisha kutofautisha ni mama mmoja mtu mzima mwenye kofia pana, aliyekuja kupiga picha kereng'ende. Alitukatazia kukanyaga nje ya barabara, kisha akatuazima kioo chake cha kukuzia. Jani la alizeti ya kawaida ni pana, karibu umbo la moyo, na ukilipapasa linakwaruza. Jani la alizeti ya Pecos ni refu na jembamba kama ncha ya mkuki, mishipa mitatu inaonekana wazi, na shina lake ni laini, vinyweleo vichache sana. Geuza kichwa cha ua utazame nyuma: vile vijani vya kijani vinavyoshika ua ni vyembamba, havina upana wa vile vya alizeti ya kawaida. Katikati ya ua ni zambarau iliyoiva. Chini, kwenye kola ya shina pale linapoingia kwenye udongo, palikuwa na ukoko mweupe wa chumvi. Niligusa ule ukoko na kuonja. Chumvi kabisa, na chini ya ukoko tope bichi.

Asili yake nayo ni kisa. Ni chotara. Wazazi wake ni alizeti ya kawaida na alizeti ya mchangani, Helianthus petiolaris, na hakuna hata mmoja kati ya hao wawili anayeweza kuishi kwenye tope la chumvi. Wanasayansi walithibitisha kwa vinasaba mwaka 1990 kwamba mtoto huyu alishajitenga na kuwa spishi yake mwenyewe. Wakulima nao wana sababu ya kumjali: watafiti wa Idara ya Kilimo ya Marekani walishachukua ule uvumilivu wa chumvi na kuuingiza kwenye mistari ya kuzalishia alizeti ya mafuta, yaani mimea mizazi ambayo mbegu mpya hutokana nayo.

Niliporusha picha kwenye kundi la familia, kaka yangu wa Ikungi alituma ujumbe wa sauti kabla sijaweka simu mfukoni: "Mdogo wangu, hiyo mbegu, hata punje kumi tu, nijaribu kule bondeni." Ilibidi nimwambie hapana. Kung'oa au kuchuma mmea ulio kwenye orodha ile ndani ya ardhi ya serikali kuu ni kosa la jinai, na hata ingekuwa halali, mbegu haivuki mpaka bila karantini. Akanuna kidogo, kisha akaniuliza mashudu yake ng'ombe wanakula. Huyo ndiye kaka yangu.

Jioni tulikula enchilada. Mhudumu anauliza "nyekundu au kijani?" akimaanisha mchuzi wa pilipili. Kijani ndiyo kali, angalau pale tulipokula sisi. Wakaleta na sopapilla, ambazo ni maandazi matupu, tofauti ni asali unayomimina ndani. Shemeji alikula nne.

Jumatatu: Bitter Lake tena, kisha Santa Rosa

Tulirudi hifadhini asubuhi, ofisi ikiwa imefunguliwa. Swali langu lilikuwa moja: kwa nini hapa maji yapo na kule Fort Stockton yamekwisha, ilhali hata hapa visima vya kilimo ni vingi kupindukia? Sehemu ya jibu iko chini ya miguu, kwenye miamba ya chokaa na jasi ambayo imejaa mapango na mashimo yaliyodidimia, na humo ndimo maji hupita mpaka yakatokea juu. Sehemu nyingine iko ofisini. Huku nako walichimba visima kwa fujo tangu mwisho wa karne ya 19 mpaka maji yakashuka, lakini mwaka 1932 ikaundwa mamlaka ya bonde, visima vinavyovuja vikazibwa, na kuanzia miaka ya 1960 vikafungwa mita. New Mexico maji ya chini ni ya umma na unayatumia kwa haki iliyosajiliwa, na aliyeanza kuyatumia zamani ndiye anayepewa kwanza. Si kwamba kila kitu ni kizuri. Miti ya tamariski iliyoletwa kutoka ng'ambo inavamia kingo, na ukame haujui mipaka ya majimbo. Lakini ua hili ni la mwaka mmoja. Linakufa kila vuli, na mbegu yake inahitaji tope lenye unyevu majira ya kuchipua. Halina mzizi wa kusubiria miaka ya hukumu na rufaa. Kwangu mimi, pale lilipo na pale lisipokuwepo ni ramani ya sheria za maji kuliko ya mvua.

Ukiwa Roswell na una nusu siku, kuna pia hifadhi ya jimbo ya Bottomless Lakes, mashariki ya mji, ambako alizeti hii iko kwenye kinamasi cha Ziwa Lea na unaweza kuoga palepale. Sisi hatukwenda.

Kutoka Roswell hadi Vaughn ni zaidi ya kilomita 150 na hakuna kituo cha mafuta katikati. Jaza Roswell. Njia yenyewe ni nyasi, uzio, swala wa huko, na upepo.

Santa Rosa watu huja kwa ajili ya Blue Hole, shimo la maji ya buluu lenye kina cha kama mita 25, maji yake nyuzi 16 hivi, kiangazi na masika. Kuna ada ya kuegesha gari. Shemeji aliruka, akatoka akiwa hana sauti. Jirani kabisa na hapo ni Blue Hole Ciénega, hifadhi ndogo ya jimbo iliyonunuliwa mwaka 2005 kwa ajili ya alizeti hii. Kuingia ni kwa ruhusa ya idara ya misitu ya jimbo, nasi hatukuwa nayo, lakini kutoka kwenye uzio inatosha. Bitter Lake tuliziona kwa vikundi. Hapa ilikuwa njano tupu kutoka uzio mpaka upande wa pili, nyuki wakivuma, na mji na barabara kuu ya I-40 vikiendelea na shughuli zao nyuma yake. Kati ya alizeti kulikuwa na mibaruti mirefu ya kinamasi, Cirsium wrightii, ndugu yake katika jamii moja ya Asteraceae na adimu vilevile. Nilimwonyesha shemeji kwamba hata mchunga na kishona nguo wa kwetu wamo kwenye jamii hiyo. Akasema kishona nguo angekuwa adimu angeshukuru.

Mwanamume mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa alituona tumening'inia kwenye uzio na kamera, akarudi nyumbani kwake na kutuletea ngazi fupi ya aluminiamu ili tupige picha kwa juu. Picha zetu nzuri zote za hapo zimepigwa kutoka kwenye ngazi hiyo.

Jumanne: Santa Rosa – Amarillo – Dallas

Zaidi ya kilomita 850, siku nzima. Amarillo tulikula, Wichita Falls tulinyeshewa, nyumbani tulifika usiku.

Hesabu ya shemeji kwa watu wawili: mafuta dola 152, malazi dola 338, tairi 45, chakula na viingilio dola 190 na senti zake. Ukitokea mbali, rahisi zaidi ni kuruka mpaka Albuquerque na kukodi gari. Santa Rosa ni kama saa mbili kwa I-40, kisha ushuke Roswell. Lenga wiki mbili za mwisho za Septemba, chukua viatu vya zamani kwa sababu ya tope la chumvi, na ile ruhusa ya Blue Hole Ciénega iombe mapema kwa barua pepe.